Unaona Nini Pale?

Desemba 14

Tumefika Ndutu. Gari la mizigo lilikwama mara mbili baada ya Oldupai, na mpishi wetu Mchome alishuka amekumbatia trei za mayai kama mtu aliyeokoa watoto kwenye moto. "Mayai yamefika salama," akatangaza. "Nyie wengine shauri yenu."

Mahema yamesimama chini ya migunga, upande wa Ziwa Masek. Hapa ndipo nitakapokaa mpaka mvua za masika zitufukuze. Chuo nimemaliza, cheti cha kuongoza watalii ninacho, lakini Kaaya, mkuu wa kambi, hampi mtu wageni kwa cheti. Msimu huu nakaa kiti cha kushoto, pembeni ya Mzee Tarmo Lohay. Mwisho wa msimu yeye ndiye atakayesema kama nafaa kukabidhiwa gari.

Mzee Tarmo ni Mwiraqw kama mimi, mzaliwa wa kijiji cha Daudi, ana masharubu anayoyachana kwa kitana na miwani myeusi asiyoivua. Alinisalimia kwa kikwetu, kisha akauliza kwa Kiswahili ili wote wasikie:

"Baba yako nani?"

"Bura wa Rhotia."

"Bura yupi? Yule wa ng'ombe wengi au yule wa maneno mengi?"

"Wa maneno mengi, Mzee."

"Umerithi?"

"Bado sijui."

"Usirithi. Gari letu lina mdomo mmoja tu, na huo ni wangu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ingawa masikio yaliniwaka.

Desemba 17

Nyumbu hawajaja. Uwanda ni mtupu mpaka kilima cha Naabi, swala tomi tu na upepo. Mzee alisimamisha gari, akaelekeza kidevu mbele.

"Unaona nini pale?"

"Wapi, Mzee?"

"Pale."

"Kichuguu."

"Kichuguu peke yake?"

Nikachukua darubini. Juu ya kichuguu alikaa duma, ametulia kama mwenye nyumba. Nikasema kwa furaha. Mzee akawasha gari.

"Umechelewa," akasema.

Desemba 18

Unaona nini pale. Unaona nini pale. Asubuhi hadi jioni.

Desemba 25

Krismasi. Mchome amechoma mbuzi. Kaaya amesali sala ndefu mpaka nyama ikapoa. Nimewapigia nyumbani nikiwa nimepanda juu ya gari kutafuta mtandao. Mama anasema mahindi yamesimama vizuri. Nashukuru.

Januari 3

Wamekuja!

Nilidhani ni kivuli cha wingu upande wa uwanda wa Matiti. Mzee alikuwa amezima injini, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza jirani anagombana. "Wamefika," akasema, kabla sijaona chochote. Kisha nikasikia nami ule mkoromo wao, maelfu wakilalamika kwa pamoja. Kufika saa nne uwanda wote ulikuwa mweusi. Nyumbu mpaka pale macho yanapokomea, pundamilia katikati yao, na vumbi limesimama juu yao.

Nilitokwa na machozi, nikageuka dirishani nisionekane. Nimekulia mwendo wa nusu siku tu kutoka hapa, upande wa pili wa kreta, na umri huu wote sikuwahi kuona. Kwetu watu husikia wageni wanapita kwenda kuona wanyama, wao wanabaki wakipalilia.

Mzee aliniacha nitazame mpaka niliposhiba.

Januari 9

Leo alinitahini mbele ya wageni tena. "Emiliana, unaona nini pale chini ya ule mti?" Nikasema fisi wawili. "Wanafanya nini?" Wamelala. "Matumbo yao?" Yamejaa. "Kwa hiyo?" Kwa hiyo wamekula usiku, na mzoga hauko mbali. "Tai wako upande gani?" Nikatafuta tai, nikawaonyesha. Tukaenda, tukakuta simba saba kwenye pundamilia, wageni wakafurahi, sifa zote zikamwendea yeye.

Nilimwambia Mchome jikoni, "Mzee ananichukia. Ananiuliza kama mtoto wa chekechea."

Mchome alikuwa akikanda chapati. "Mzee hamchukii mtu. Ananuna tu. Kununa ndiyo afya yake."

"Wanafunzi waliopita aliwauliza hivi?"

Akafikiri. "Hapana. Wale alikuwa anawaambia."

Januari 15

Hakuna mvua. Majani yanakuwa ya njano. Nyumbu wamesogea kuelekea kusini.

Januari 16

Hakuna mvua.

Januari 22

Wamerudi, na leo nimeona nyumbu akizaliwa.

Mama alilala, akasimama, akalala tena. Miguu miwili ya ndama ilishatoka. Mzee alizima gari mbali, akawaeleza wageni kwa sauti ya chini kila hatua inayokuja, nao wakashika pumzi. Ndama alipoanguka kwenye majani, mama akageuka kumlamba, yule kitoto akajaribu kusimama, akaangukia pua, akajaribu tena. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa akimhimiza kwa lugha ya kwao. Kabla hata hatujamaliza chai ya chupa, ndama alikuwa anakimbia ubavuni mwa mama yake.

Kitu kimoja sikukielewa. Mzee alipokuwa akieleza, mkono wake ulielekea kwa nyumbu mwingine, aliyekuwa amesimama tu anakula majani.

Januari 30

Gari limeingia shimo la ngiri, springi imekatika. Kaaya amefoka: ni shimo la pili mwezi huu. Mzee amesema mashimo yameongezeka. Jioni nilimwona anamimina chai kwenye meza, pembeni kabisa ya kikombe. Mchome akafuta bila kusema neno, kama jambo alilolizoea.

Februari 6

Tumepata wageni wa aina yake: ndugu wawili wa Ujiji, wanawake watu wazima, Bi Sikujua na mdogo wake Bi Mashavu. Wamekuja na vitenge vyao, mito yao na pilipili yao ya chupa. Wameshapita Tarangire kuona tembo, Manyara, wamelala ukingoni Ngorongoro. Bi Mashavu anataka simba. Tembo ameshawaona wa kutosha, anasema, mmoja alimtazama vibaya.

Mzee alipowapokea alisema, "Karibuni, mabibi."

"Mabibi?" Bi Mashavu akashika kiuno. "Wewe mwenyewe masharubu meupe kama umelamba unga, unamwita nani bibi? Tuite dada."

Kambi nzima ilicheka. Mzee naye alicheka mpaka akakohoa. Sikuwahi kumsikia anacheka hivyo.

Walipoona nyumbu kwa karibu, Bi Sikujua akamtazama mmoja kwa muda mrefu. "Huyu kaumbwa Ijumaa jioni," akasema. "Vilivyobaki vyote kapewa yeye."

Februari 7

Nimejua. Labda nilishajua, nikaogopa kujiambia.

Mchana, Mzee alipokwenda kuangalia matairi, Bi Sikujua alinivuta mkono nyuma ya hema la chakula.

"Mwanangu, huyu baba yako haoni."

"Si baba yangu, Bi mkubwa."

"Sijauliza ukoo. Nasema haoni. Anageuza kichwa pembeni akitaka kukutazama. Anakipapasa kikombe kwa mgongo wa vidole kwanza. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilificha kwa sababu ya aibu, nikijifanya najua kila kitu kiko wapi. Mpaka siku nilipomkanyaga mjukuu wangu amelala mkekani. Mkono wa mtoto ulivunjika." Akaugeuza mkono wangu. "Nikaenda, wakanitoa mtoto wa jicho. Sasa naona mpaka uchafu kwenye kucha zako."

Nimekaa hemani nikirudisha siku zote nyuma. Unaona nini pale. Matumbo yao je. Tai wako upande gani. Nilidhani anajua jibu na ananisubiri niaibike. Kumbe mtu alikuwa anaomba.

Na nilikuwa namkasirikia.

Februari 8

Sikuweza kumwambia. Mtu wa umri wa baba yangu utaanzaje? Leo nilijibu kila swali haraka na kwa ukamilifu: umbali, rangi, upande. Aligeuka kunitazama mara moja, akarudisha uso mbele. Nadhani alishtuka.

Februari 9

Naandika mchana, kambi imetulia. Ya jana jioni nayaandika leo yakiwa bado mabichi, ndipo nitajua kwamba yametokea kweli.

Bi Mashavu alidai simba wake. Tulizunguka kando ya kinamasi kikubwa. Joto lilikuwa kali na upande wa Makao, kusini, mawingu yamejaa, meusi tii, lakini juu yetu jua tupu. Tulipogeuka kurudi, jua likawa usoni kabisa, limeinama. Mbele yetu kulikuwa na korongo, lile la mchanga linalotoka kusini, na mimi nilidhani Mzee anafuata ukingo wake. Nikaona tunaliendea moja kwa moja.

"Mzee, kushoto. Kushoto!"

Alikata usukani, lakini amechelewa. Magurudumu ya mbele yalidondoka, gari likakalia tumbo, pua imeelekea chini. Mito ya akina dada ikarushwa mpaka kwenye kioo.

"Tumefika?" akauliza Bi Mashavu.

Chini yetu, kwenye kivuli cha kichaka, hatua chache kutoka kwenye bampa, simba jike aliinua kichwa. Alikuwa na watoto watatu kwenye matiti. Masikio yake yalilala nyuma, akatoa sauti niliyoihisi kwenye bodi la gari kabla ya kuisikia.

Nilipandisha vioo, nikavuta mlango wa juu ukafungwa. Mzee alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili.

"Yuko upande gani?" akauliza polepole.

"Mzee, yuko mbele yako kabisa."

Alivua miwani. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake. Mboni zilikuwa na weupe kama moshi, zote mbili.

"Emiliana," akasema kwa kikwetu, "sioni. Naona mwanga na naona vivuli. Jua likiwa usoni, sioni hata hivyo vivuli."

"Najua, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Nyuma, Bi Sikujua akasema, "Hata mimi najua, na kikwenu sikijui."

Nilimwita Kaaya kwenye redio. Magari mengine yalikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa. Alisema anakuja yeye mwenyewe, lakini Makao mvua inapiga vibaya na njia ni tope. Aliposema Makao, Mzee akainua uso.

"Maji ya Makao yanakuja kwa korongo hili hili. Huyo simba anafanya nini?"

Nikatazama. "Amesimama. Amemchukua mtoto mmoja kwa mdomo. Anavuka, anapanda ukingo wa pili."

"Amerudi?"

"Anarudi. Anachukua wa pili."

"Hahami kwa sababu yetu," akasema Mzee. "Anahama kwa sababu ya maji. Njoo huku."

Tulibadilishana viti. Nani asiyejua jinsi gari lilivyo dogo mbele? Mzee ana goti bovu, mimi nina makalio ya mama yangu. Tulipitana juu ya gia tukisukumana, kiwiko chake shingoni mwangu, na Bi Mashavu, katika hofu ile yote, akasema, "Mngeanza kwa kuposana kwanza." Akina dada wakacheka mpaka wakalia. Labda walikuwa wanalia kweli.

Nikaweka gia nzito, nikajaribu kurudi nyuma. Matairi yakazunguka bure, mchanga ukaruka.

"Usilikanyage. Liguse tu. Hapana, acha. Unalichimbia kaburi. Lazima kitu kiingie chini ya tairi. Amebaki mtoto mmoja?"

"Mmoja."

"Subiri amchukue. Akishapanda ukingo, utashuka. Wewe utatazama, mimi nitasikiliza. Nikisema panda, unapanda. Hutaniuliza kwa nini."

Simba alikuja mara ya tatu. Alipita karibu sana na taa ya gari hivi kwamba niliona nzi kwenye jicho lake. Alimwokota yule wa mwisho kwa ngozi ya shingo, kwa upole, akatutazama na mtoto ananing'inia mdomoni, akaenda. Nilimfuata kwa macho mpaka juu ya ukingo wa pili. Akakaa huko huko, akitutazama.

Nilishuka. Akina dada walinirushia mazulia ya mpira ya gari, halafu mablanketi, halafu Bi Sikujua akanipa mito yake mmoja mmoja pamoja na foronya. Nilichimba kwa sepetu, nikasukumia kila kitu chini ya matairi ya nyuma. Simba hakusogea. Nilikuwa nataka kuongeza mawe, nimeshaona moja zuri, ninaliinamia.

"Panda."

Sikuwa nimesikia kitu. Upepo tu. Jiwe lilikuwa mkononi.

"Emiliana, panda!"

Nikapanda. Nikaweka gia, nikaligusa tu kama alivyosema. Gari likatikisika, likateleza, likashika blanketi, likanyanyuka. "Usiache sasa, usiache, usiache," alikuwa akisema, mkono wake umeshika dashibodi. Tulitoka kinyumenyume kama ng'ombe anayekataa zizi. Magurudumu ya mbele yalipogusa majani ndipo nilipoyaona maji yakipinda kona, ya kahawia, yanasukuma matawi na kinyesi cha tembo. Yalipita pale tulipokuwa. Kichaka cha simba kikalala kwa ubavu, kikaondoka nayo.

Mvua nayo ikaanza juu yetu, matone makubwa kwenye bati.

"Basi simba nimemwona," akasema Bi Mashavu. "Twendeni tukanywe chai."

Niliendesha mimi mpaka kambini. Njiani tulikutana na Kaaya amelowa mpaka kofia. Mzee alimwambia tumekwama, binti ametutoa. Hakusema zaidi. Nami sikusema.

Februari 10

Wageni wameondoka. Bi Sikujua alimshika Mzee mkono pale kwenye kiwanja cha ndege, kando ya kambi, akamwambia habari ya mjukuu. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Mkono wa mtoto uliunga," akamwambia, "lakini mimi kila nikiuona najua. Wewe bado hujavunja mtu. Shukuru, mwanaume, uende ukatibiwe."

Bi Mashavu amenipa kitenge. Nimekataa, amekataa kukataa kwangu.

Walipopaa nilimfuata Mzee kwenye gari. Nilikaa kwanza kiti cha dereva, kwa makusudi, nikauchukua ufunguo. Nilisema yale niliyokesha nayo: "Mzee, sitapanda gari unaloendesha, na wageni hawatapanda. Naomba umwambie Kaaya mwenyewe. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Akasema, "Kumbe umerithi," akashuka, akaenda zake kwa miguu mpaka hemani, akipapasa kamba za mahema.

Februari 11

Hakuna wageni. Haongei nami.

Februari 12

Mvua. Haongei nami. Mchome ameniwekea chapati ya tatu bila kuniuliza.

Februari 13

Amesema.

Alimwita Kaaya mezani wakati wa chai, na Mchome, na mimi. Alivua miwani, akaiweka mezani. "Ni msimu wa pili huu," akasema. "Mwaka jana nilikuwa naona kidogo. Mwaka huu nimeona kwa macho ya huyu binti. Wanyama wote mliosikia nimewapata, amewapata yeye. Nilikuwa nauliza kama mwalimu ili asijue nauliza kama kipofu."

Kaaya alipandwa na hasira. Ni mtu mpole lakini aligonga meza. "Mzee, umebeba watu! Umebeba watoto wa watu kwenye gari!"

"Nimewabeba."

"Ungeua mtu!"

"Ningeua."

Hakujitetea hata neno moja, na hilo ndilo lililomtoa Kaaya pumzi. Aliondoka, akazunguka hema la chakula mara kadhaa kwenye mvua, akarudi amelowa.

"Usukani hapana," akasema. "Kuanzia leo. Emiliana ataendesha. Mwezi wa tatu unakwenda Moshi kwa madaktari wa macho, nitapiga simu mimi. Na mpaka siku hiyo..." Akamtazama Mchome kama anayetafuta msaada. "Mpaka siku hiyo, kiti cha kushoto sijakikataza."

Mzee aliinamisha kichwa. Mchome akammiminia kila mtu chai, ndani ya vikombe.

Februari 15

Siku ya kwanza na wageni, mimi usukani, yeye kushoto. Aliwaambia mwenyewe, bila kuzunguka: "Huyu ndiye dereva wenu na ndiye macho. Mimi ni masikio na uongo kidogo." Walimpenda papo hapo.

Februari 21

Sijui jinsi ya kuandika siku nzuri. Siku mbaya zina mwanzo na mwisho.

Leo nyumbu wamevuka Ziwa Ndutu. Waliingia majini kwa kundi, mstari mrefu, na ndama wakapotezana na mama zao katikati. Upande wa pili mama walikuwa wakirudi majini kuita, na ndama wakiita, na maji yote ya magadi yakawa sauti tupu. Wengine hawakutoka. Mzee alifumba macho, akawa anaelekeza kidole: "Yule pale amempata. Yule bado. Yule wa sauti nyembamba, hapo kulia, anaita mama asiyekuwa wake." Nikatazama. Ilikuwa hivyo hivyo. Yule wa sauti nyembamba alikwenda kwa nyumbu huyu akapigwa pembe, akaenda kwa yule akapigwa. Tulibaki naye muda mrefu. Mwishowe jike mmoja alitoka majini akikimbia, akapita kati ya wengine wote, akamnusa. Mgeni mmoja, mwanaume mzima mwenye ndevu, alilia bila kujificha.

"Ameacha kuita," akasema Mzee, na uso wake ukafunguka.

Februari 26

Amenifundisha kelele za kanga: ile ya kumwona chui na ile ya kujisemea tu.

Machi 2

Harufu ya mvua iliyonyesha mbali na ya mvua itakayonyesha. Bado siitofautishi. Anasema nina pua ya mtu wa mjini.

Machi 5

Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Tulikuwa tumesimama kwenye Miamba ya Gol, tunasubiri duma aamue kama ana njaa. Alisema, "Mke wangu alifariki, watoto wako Dar. Nikirudi Daudi nitakuwa mzee anayeshikwa mkono kwenda chooni. Hapa hata nisipoona, najua niko wapi." Kisha akaongeza, "Ulinitisha siku ile ulipochukua ufunguo. Nilikuchukia siku tatu. Ya tatu nilianza kushukuru, nikaona aibu, ndiyo maana nilichelewa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nilimchukia, Januari yote. Nikamwambia. Alicheka mpaka duma akageuka.

Machi 9

Amekwenda Moshi. Kaaya amempeleka mwenyewe hadi kiwanjani, amembebea begi.

Machi 11

Nimetoka na wageni peke yangu. Nimewapatia chui juu ya mgunga kwa sababu ya kelele za kanga. Niligeuka kushoto kumwambia.

Machi 15

Mvua.

Machi 16

Mvua. Nyumbu wanaondoka kuelekea kaskazini. Ndama wa Januari sasa wanakimbia mbele ya mama zao.

Machi 19

Kaaya amenipa karatasi yenye sahihi ya Mzee, aliyoiacha kabla ya kuondoka. Msimu ujao nina gari langu. Sahihi imepanda juu ya mstari na kutoka nje ya karatasi. Nimepiga magoti hemani. Nimemshukuru Mungu kwa uwanda huu, kwa Mchome, kwa wale dada wa Ujiji, kwa simba yule aliyehamisha watoto wake mbele yetu, na kwa yule mtu mkali aliyeniuliza swali moja mpaka nikajifunza kutazama.

Machi 26

Tumevunja kambi. Mahema yamelowa, kila kitu kizito. Mchome amerudi na sufuria tupu na trei tupu, lakini bado amezikumbatia.

Machi 29

Nilimpokea Mzee pale Karatu. Jicho moja limeshatolewa ukungu, kwa la pili atarudi hospitali baada ya masika. Alishuka kwenye basi mwenyewe, taratibu, akasimama mbele yangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Emiliana?"

"Ndiye, Mzee."

"Mbona mfupi? Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Alikataa kwenda Daudi moja kwa moja. Alitaka nimpitishe ukingoni Ngorongoro. Tulipanda msitu ukiwa umefunikwa, ukungu mzito, taa zinawaka mchana. Pale watu wanaposimama kuitazama kreta hapakuwa na kreta, ukungu mtupu kama ukuta. Magari mengine yalikuja, yakasubiri, yakakata tamaa, yakaondoka.

"Nimetoka kwenye ukungu kuja kwenye ukungu," akasema. Akainama kwenye kioo cha pembeni cha gari kuchana masharubu. Akaganda, kitana mkononi. "Hee! Nimezeeka hivi? Na ninyi wote mkanyamaza?"

"Tuliogopa utanuna."

"Ningenuna," akakubali.

Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe tukila mahindi ya kuchoma tuliyonunua Karatu. Nikamwambia kwamba Kaaya anataka msimu ujao akae kambini awafundishe wanafunzi wapya, kama jicho la pili litakubali. Akasema atafikiri. Kisha akasema ameshafikiri, ndiyo.

Upepo ukapanda kutoka chini. Ukungu ukachanika katikati, ukajikunja pande zote mbili, na kreta yote ikawa pale: ziwa, msitu wa Lerai, vivuli vya mawingu vikitembea juu ya majani, na nukta nyeusi zisizohesabika. Niliwaona nyati. Niliona tembo watatu wakitoka msituni. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga.

Mzee Tarmo alikuwa amesimama, hindi mkononi, jicho lake jipya linatoa machozi ya upepo. Alitazama mpaka ukungu ukarudi kufunga. Hakunionyesha kitu, wala hakuniuliza chochote.